Meza ya magazeti Makoroboi imeondoka. Nani kaliua gazeti, na nani atakaa kwenye vikao sasa?

Ng'wana Kirumba
Wakuu salaam. Jana nimepita Makoroboi hapa Mwanza mjini nikakuta ile meza ya magazeti ambayo mjomba wangu kaikalia miaka kumi na tisa haipo, pale pale kuna kijana anauza kava za simu na protekta. Nilijua siku itafika, mjomba alishanipigia kwamba anarudi Misungwi akalime, ila kupaona kwa macho ni kitu kingine kabisa.

Nimekulia kwenye ile meza. Likizo ya shule saa kumi na mbili asubuhi tuko pale tunasubiri mzigo wa Dar, ndege ikichelewa wateja wanajaa wanauliza kila dakika. Mzigo ukifika mjomba anakata kamba kwa kisu cha kumenyea machungwa halafu anapanga, Mwananchi, Nipashe, Mtanzania na Majira mbele, Uhuru na Habari Leo zinafuata, Mwanaspoti, Dimba na Championi upande wa vijana, Kiongozi pembeni kwa ajili ya wazee wa parokia. Yanayoning'inia anayabana na vibanio vya nguo. Mchana vidole vyake vyote vyeusi kwa wino, hali chakula mpaka anawe kwa majivu.

Siku nzuri alikuwa anamaliza nakala mia na hamsini. Mwaka huu kaniambia kuna siku kauza kumi na mbili.

Naomba tujadili kwa uzito, nani kaliua gazeti? Na la pili ndilo linaniumiza zaidi, nani ataenda kukaa kwenye baraza la madiwani toka asubuhi mpaka jioni anaandika kama hakuna gazeti la kumlipa?

Dogo Igoma
Simu. Habari ya saa mbili usiku naipata saa mbili na dakika tano, gazeti la kesho linakuja kunisimulia kitu ambacho kijiweni tumeshakijadili mpaka kimechuja. Na buku la gazeti nikiweka bando nasoma siku nzima, naangalia na magoli ya Pamba Jiji humo humo. Pole kwa mjomba lakini.

Mzee wa Bwiru
Dogo Igoma, usifunge mjadala mapema kijana wangu. Sisi tulikuwa tunasoma gazeti la Jumatatu siku ya Jumatano, linakuja na treni. Redio ni moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na magazeti ya kila siku yalikuwa Uhuru kwa Kiswahili na Daily News kwa Kiingereza, Jumapili Mzalendo na Sunday News. Habari yenyewe redio ilishaitangaza siku mbili nyuma na bado tulikuwa tunagombania gazeti pale stesheni. Kama kuchelewa ndiko kunakoua, gazeti Mwanza lingekufa tangu enzi hizo.

Dogo Igoma
Shikamoo mzee. Lakini wakati huo mlikuwa hamna kingine cha kusoma.

Mzee wa Bwiru
Marahaba. Na nyie mna vingapi vya kusoma, na mnavisoma?

Mama Pasiansi
Hahaha mzee kampiga swali kijana wa watu kakaa kimya. Mimi naomba nichangie kama mnunuzi. Nyumbani kwetu gazeti lilikuwa linanunuliwa mara chache lakini siku ya majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza au cha tano lazima. Nakumbuka mwaka wangu baba katoka Kitangiri mpaka mjini kwa miguu, kaja na gazeti kalikunja kwapani, tukalitandaza mkekani, dada mkubwa anashuka na kidole kwenye yale majina madogo madogo kama sisimizi mpaka akafika kwangu. Mama akapiga kigelegele jirani wakaja wote. Ule ukurasa ulikaa ukutani kwetu miaka, umebandikwa kwa uji wa muhogo. Mwanangu juzi matokeo yake tumeyafungua kwenye tovuti ya NECTA tukiwa kwenye daladala. Sikatai ni rahisi zaidi. Sababu ya kununua gazeti ndio ikaondoka.

Wakili wa Liberty
Mama Pasiansi kagusa penyewe. Watu wanasema wasomaji wamekimbia, ila gazeti halijawahi kuishi kwa ile hela ya msomaji peke yake, lilikuwa linaishi kwa matangazo. Mtangazaji mkubwa nchi hii ni serikali na taasisi zake, na angalieni yalikoenda. Tenda zilikuwa zinajaza kurasa nne tano, zikahamia TANePS, mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, na tangu 2023 ziko kwenye mfumo mpya, NeST. Nafasi za kazi serikalini ziko Ajira Portal. Hayo ni mambo mazuri kwa uwazi, mimi mwenyewe nayatumia, lakini kila kimoja kiling'oa ukurasa wa kulipiwa. Na hata yale matangazo yaliyobaki, vyombo vya habari vimelalamika miaka na miaka kwamba vinazidai taasisi za serikali.

Kilichobaki kwenye karatasi ni sisi mawakili. Umepoteza hati ya kiwanja, tangazo lazima litoke gazetini na kwenye Gazeti la Serikali. Mdaiwa anakimbia samansi, mahakama inaweza kuruhusu atangaziwe gazetini. Benki inataka kuuza nyumba ya mkopaji, tangazo la mnada. Chukueni gazeti la leo mhesabu.

Ng'wana Kirumba
Wakili asante. Ni kweli, siku za mwisho wateja wa mjomba walikuwa makarani wa ofisi za mawakili na madalali wa mahakama, wanachukua nakala mbili tatu wanaomba risiti.

Jiwe la Bismarck
Mnaizunguka nyumba hamtaki kuingia. Gazeti liliuliwa na kufungiwa. 2017 peke yake walifungiwa Mawio, MwanaHalisi na Raia Mwema, na Uhuru nayo ikafungiwa enzi za Magufuli, 2020 Tanzania Daima wakanyang'anywa leseni kabisa. Mwandishi wa Kibiti, Azory Gwanda, katoweka Novemba 2017 mpaka leo. Mhariri akishaona hayo anaandika nini? Anaandika hotuba ya mgeni rasmi. Na msomaji sio mjinga, atoe hela yake asome hotuba ya mgeni rasmi ya nini?

Mzee wa Bwiru
Bismarck nakuunga mkono kwa mengi ila hapo kwa Uhuru turekebishe. Uhuru ilisimamishwa siku 14 Agosti 2021, Magufuli alishafariki Machi, na ilikuwa ni habari kuhusu Rais Samia na uchaguzi wa 2025. Gazeti la chama chenyewe. Raia Mwema nao zilikuwa siku 90, sio kufutwa.

Jiwe la Bismarck
Nimerekebishika mzee. Hoja inabaki pale pale. Februari 2022 leseni za Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima zilirudishwa, haya nendeni kwenye meza yoyote hapa mjini mniambie mmeyaona mangapi. Msomaji ukimwachisha gazeti lake miaka mitatu anazoea kuishi bila hilo gazeti.

Dogo Igoma
Ndio maana nasema onlaini ndiko kwenye usalama.

Jiwe la Bismarck
Usalama gani? Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications siku 30. Karatasi ikabaki inatoka, mtandao umefungwa. Na kabla ya hapo kanuni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie leseni, wengi tuliokuwa nao hapa Kanda ya Ziwa walizima blogu zao wiki ile ile.

Fundi Mitambo
Nimefanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa miaka kumi na moja Dar kabla ya kurudi kwetu Magu, naomba niwaambie upande ambao hamuuoni. Karatasi ya gazeti inatoka nje, sahani za kuchapia zinatoka nje, wino na dawa zinatoka nje, spea za mtambo zinatoka nje. Kiwanda cha Mgololo kinatengeneza karatasi lakini ni ile ngumu ya kahawia ya mifuko na maboksi, haifai gazeti. Dola ikipanda kidogo tu uongozi unaitisha kikao. Kwanza wanapunguza kurasa, 32 zinakuwa 24, kisha rangi inabaki ukurasa wa mbele na wa nyuma tu, halafu wanapunguza nakala za mikoani maana mkoani ndiko gharama ya kusafirisha iko juu na marudio ni mengi. Marudio yanaua. Unachapa, unasafirisha zaidi ya kilomita elfu moja, halafu nusu inarudi kama makaratasi ya kilo.

Usiku mtambo ukiwaka sakafu inatetemeka, unaisikia mpaka kwenye meno. Nakala mia kadhaa za kwanza ni za kutupa, rangi hazijakaa, sura ya waziri ina macho manne. Unavuta moja, unaiangalia kwenye taa, unakaza hapa unalegeza pale, mpaka inakaa sawa. Mwishoni mwa 2020 New Habari waliposimamisha kuchapa Mtanzania, Rai, Dimba na Bingwa kuna mwenzangu alinipigia usiku saa nane, saa ambayo tungekuwa kazini, hana la kusema, tukakaa kimya wote wawili kwenye simu.

Mama Pasiansi
Pole fundi. Hayo makaratasi ya kilo mimi ndiye mteja wenu, natengeneza karanga na bagia. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 magazeti ya zamani yalipanda bei ghafla maana kila mtu anafungia humo, na sasa hivi hayapatikani kabisa, nafungia karatasi za mitihani ya shule.

Kalamu ya Nyegezi
Nimesoma hapa Malimbe, chuo kikuu cha SAUT, uandishi wa habari. Nilitoka na cheti nikiwa najua nitabadilisha nchi. Nikawa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti moja la Dar ambalo sitalitaja, miaka sita. Naomba mnisome taratibu.

Mwandishi wa mkoani halipwi mshahara, analipwa kwa stori iliyotoka. Umeenda Kwimba kwa nauli yako, umelala huko, umerudi umeandika, mhariri kaitupa kapuni, imekula kwako. Stori ikitoka unalipwa hela ambayo ukitoa nauli umebaki na ya chai, na hiyo yenyewe kuna kipindi nilikaa miezi minne sijaiona. Mhariri wangu akawa hapokei simu. Sasa halmashauri inafanya semina, mwisho wa semina kuna bahasha ya nauli, kwenye bahasha kuna hela zaidi ya stori nne. Niambieni mtoto wako ana homa, unaandika nini kuhusu hiyo semina? Niliwahi kuipokea. Niliandika semina ilivyofana. Siku hiyo sikulala.

Lakini pia nilifanya hii. Kulikuwa na malalamiko ya ushuru pale Mwaloni, soko la samaki, wachuuzi wa dagaa wanasema wanatozwa mara mbili. Nilienda siku tisa mfululizo saa kumi na moja alfajiri boti zinapoingia, nakaa na kina mama kwenye magunia, kila risiti naiomba naiandika namba kwenye daftari. Siku ya saba nikaona namba ya risiti imejirudia, gunia mbili tofauti, watu wawili tofauti, namba moja. Nikaenda na lile daftari kwenye baraza la madiwani nikakaa kiti cha nyuma mpaka saa kumi na mbili jioni. Stori ikatoka ukurasa wa tano, aya nane. Mwezi uliofuata vile vitabu vya risiti vikabadilishwa vyote. Aya nane, siku tisa. Sasa nani analipia siku tisa leo? Mwenye onlaini TV anataka klipu tatu kabla ya saa sita mchana. Simlaumu, naye anatafuta ugali.

Ng'wana Kirumba
Kaka Kalamu, hilo ndilo swali langu la pili, asante sana.

Sengerema Kwetu
Nakumbuka hiyo ya risiti! Mama yangu mdogo alikuwa anauza dagaa pale. Hawakujua nani kaandika.

Kalamu ya Nyegezi
Hawakupaswa kujua. Msalimie.

Bukoba Mjini
Mimi nasema redio ndiyo iliyoua, na wa kwanza ni nyie watu wa Mwanza wenyewe. Radio Free Africa asubuhi mtangazaji anakusomea magazeti yote, kichwa cha habari na aya za mwanzo, wewe unapiga mswaki. Kijiji kizima kwetu Muleba kilikuwa kinajua magazeti yameandika nini na hakuna aliyenunua hata moja. Televisheni nazo zikafuata, sasa hivi kurasa za mbele zinatupwa Instagram kabla hata hujalala.

Mzee wa Bwiru
Hapana Bukoba, sikubaliani. Mimi kile kipindi ndicho kilikuwa kinanitoa kitandani nikanunue. Anakusomea kichwa, utamu anakuachia.

Bukoba Mjini
Wewe ulikuwa na hela mzee wangu. Wengi waliishia kwenye kichwa.

Mvuvi Ukara
Mwadela wana Ziwa. Kisiwani kwetu gazeti lilikuwa linafika Nansio jioni, Ukara kesho yake au kesho kutwa likipata mtu wa kuvuka nalo, kwa hiyo mimi simu sijaichukia, imetusaidia. Ila naomba niseme ya Alhamisi ile 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama. Nilikuwa ng'ambo natafuta habari za shemeji yangu. WhatsApp ilikuwa inanguruma usiku kucha, huyu anasema kumi, huyu anasema mia nne, mwingine kaleta picha ya kivuko cha nchi nyingine kimelala ubavu, mwingine katuma sauti eti walio ndani wanasikika wanagonga na serikali inazuia kuwatoa. Kila sauti moyo unapasuka upya. Halafu Jumamosi kweli fundi mmoja wa kivuko akatolewa akiwa hai baada ya siku mbili, kwa hiyo huwezi hata kusema yote ni uongo.

Nilichotaka ni mtu mmoja aliyesimama pale Bugolora au pale ufukweni Ukara, mwenye jina, aliyehesabu kwa macho, aseme mpaka saa hii ni wangapi na kina nani. Gazeti lilichelewa lakini nililisoma nikiwa nimekaa chini, kila mstari una mtu aliyesema, yuko wapi na ana cheo gani. Waliokufa walipita 220. Shemeji alikuwemo.

Mama Pasiansi
Pole sana kaka.

Sengerema Kwetu
Pole Mvuvi.

Bukoba Mjini
Pole ndugu. Na sisi 6 Novemba 2022 ndege ya Precision ilipoingia ziwani ilikuwa hivyo hivyo, klipu zimetufikia watu bado wako ndani, tunaona kamba inavutwa hatujui nani kapona. Walikuwa 43, 19 walifariki. Kwa hilo nakubali, mwenye simu aliona kwanza, aliyeeleza alikuja baadaye.

Dogo Igoma
Nimewasoma. Narudi nyuma kidogo, nilisema simu imeua lakini naona simu imechukua kazi ya kwanza tu, ya kusema kimetokea nini. Ila swali, mbona wenzetu wanalipia kusoma kwenye simu? New York Times wana wanaolipia mtandaoni zaidi ya milioni kumi. Hapa M-Pesa kila mtu anayo, si wauze stori moja moja hata mia mbili?

Fundi Mitambo
Vodacom walikuwa na M-Paper, gazeti zima kwenye simu kwa bei chini ya karatasi. Mmoja ananunua, anapiga skrini shoti, grupu zima la watu 256 linasoma bure.

Wakili wa Liberty
Na huko kwao msidhani ni salama. Vienna kulikuwa na gazeti Wiener Zeitung, limeanza 1703, Juni 2023 wameacha kuchapa kila siku. Nalo lilikuwa linaishi kwa matangazo ambayo sheria iliyalazimisha kampuni kuyaweka humo, sheria ikabadilishwa, mkondo ukakauka. Miaka 320 hiyo.

Dogo Igoma
Kwa hiyo wakili mkiondolewa lile tangazo la hati iliyopotea na yetu yamekwisha.

Wakili wa Liberty
Ndicho ninachokiogopa.

Sengerema Kwetu
Mimi sababu yangu ni nyingine kabisa. Magazeti yalituacha sisi kwanza. Fungua gazeti lolote la kitaifa uhesabu kurasa za Kanda ya Ziwa, utapata moja, na humo ni mauaji, ushirikina na ajali. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa linajengwa miaka na miaka, tukavuka na kivuko mpaka Juni 2025, hivi kuna gazeti lililotuuliza sisi tunaosubiri foleni usiku na mgonjwa kwenye gari? Daraja liliandikwa siku ya wakubwa kuzindua. Mtu ananunua kitu ambacho na yeye yumo.

Kalamu ya Nyegezi
Stori za foleni na mgonjwa zilikuwa zinaandikwa dada. Ziko kapuni Dar. Lakini una haki ya kukasirika.

Mjukuu wa Kemondo
Samahani wakuu natoka kidogo nje ya mada. Mzee wa Bwiru unaonekana mtu wa kutunza vitu. Baba yangu mwaka 1996 alikuja Mwanza bandarini kumsubiri mdogo wake aliyekuwa anasafiri na MV Bukoba. Hakufika, kazikwa Igoma na wenzake. Baba naye amefariki, na bibi huwa anasema wiki ile kuna gazeti lilitoa picha ya watu wamesimama bandarini na baba yumo, kavaa shati la mistari, kashika kofia. Alikuwa nalo, panya wakalimaliza. Nimetafuta mtandaoni mwaka wa tatu huu, magazeti ya miaka ile hayamo. Sina picha nyingine ya baba akiwa kijana.

Mzee wa Bwiru
Meli ilizama Jumanne tarehe 21 Mei. Yako kwenye sanduku la bati, marehemu mama yenu alitaka nichome nikakataa. Nipe mpaka kesho.

Ng'wana Kirumba
Mjukuu, subira. Nampigia na mjomba, kuna mafungu aliyapeleka Misungwi.

Mzee wa Bwiru
Mjukuu wa Kemondo, habari za asubuhi. Nimefika mpaka la Ijumaa. Ukurasa wa tano chini kulia kuna picha ya gati, watu kama ishirini hivi, mstari wa pili kuna kijana shati la mistari na kofia mkononi, anaangalia majini. Sisemi ndiye, bibi ndiye atasema. Karatasi imekuwa ya njano na mkunjo umepita katikati, nikiifungua zaidi inakatika, kwa hiyo sijaipiga picha, naogopa mkono wangu. Njoo na bibi kama anaweza safari.

Mjukuu wa Kemondo
Mzee sina la kusema. Bibi nimemwambia, anafunga mzigo. Tunapanda gari kesho alfajiri.

Ng'wana Kirumba
Mzee usiliguse tena tafadhali. Nimeongea na mjomba, anatoka Misungwi kesho anakuja Bwiru moja kwa moja. Anasema ukurasa wa namna hiyo unafunguliwa asubuhi na mapema kabla ya upepo wa ziwa, juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo, na mtu wa pili anashika kona.